Koo la Chuma

Mpira wa juu wa rejeta ulipasuka kwa mlio wa kofi, na kioo cha mbele kikafunikwa na mvuke kabla Nduta hajajua aelekee wapi. Aliikamata pikapu kwa breki, akaiacha iteleze mpaka kwenye majani kando ya barabara, akazima injini. Nyuma yake mikebe ya maziwa iligongana, ikatulia. Nusu ya mwinuko wa kutoka Cheptiret ilikuwa bado mbele yake.

Alishuka akatia jiwe nyuma ya gurudumu. Hakufungua boneti. Kosa hilo alilifanya mara moja tu, na ngozi ya kiganja chake cha kushoto ilikuwa bado imekunjamana pale maji ya moto yalipomlamba. Akasimama akisikiliza rejeta ikitokota, huku jua likipanda juu ya mashamba ya ngano na kuanza kuigusa mikebe.

Maziwa hayakuwa yake. Yalikuwa ya majirani waliomwachia mikebe yao langoni kila alfajiri, naye akaipeleka kwenye kiwanda cha maziwa mjini Eldoret. Mmoja wao, Kipyego, ambaye wenzake walikuwa wamemchagua awasimamie, ndiye aliyetokea sasa akisukuma baiskeli yake. Alisimama akaitazama boneti inayofuka, kisha akaitazama mikebe, kisha akamtazama Nduta. Alikuwa mtu wa upole, na upole wake siku hiyo ulimuuma Nduta kuliko matusi.

"Ni mpira tena, Mama Nyakio?"

"Ni mpira, Mzee."

"Ule wa juzi?"

"Wa juzi ulikuwa wa chini. Huu ni wa juu. Niliuweka mpya kabla ya mahindi kuvunwa."

Kipyego aliegemeza baiskeli kwenye ubao wa pikapu. "Mimi sikulaumu. Lakini watu wanasema, na mwenyekiti wa tawi la chama ana lori. Kila tukikutana ananiuliza kwa nini tunabebewa maziwa na gari mgonjwa."

"Gari si mgonjwa."

"Nimesema vibaya. Gari ya mtu mgonjwa." Alishusha sauti. "Maziwa yakiganda tena, Mama, sitakuwa na neno la kukutetea. Unajua vile mambo iko siku hizi. Mtu hawezi kumkataa mwenyekiti bila sababu. Na wewe unampa yeye sababu."

Maziwa ya siku hiyo yaligeuka. Nduta aliyamwaga kwenye mtaro wa kiwanda kwa mikono yake mwenyewe, mkebe baada ya mkebe, akarudi nyumbani na mikebe inayonuka uchachu na mpira uliofungwa kwa matambara na waya.

Pikapu ilikuwa Peugeot 404, na jina lililoandikwa ubavuni mwake lilikuwa la Simeon, mumewe. Simeon alikuwa mtu aliyejulikana kutoka Burnt Forest mpaka mjini kwa gari hilo. Alilijua kama mtu anavyomjua ng'ombe aliyemlea kutoka ndama. Angeweza kulala kitini likiwa linaendeshwa na mtu mwingine na akaamka kusema valvu moja haijakaa sawa. Kisha asubuhi moja, akiwa amebeba mkebe kifuani, upande wake wa kulia ulikufa. Hospitali ilimrudishia uhai, haikumrudishia mkono wala mguu, na maneno yalimrudia machache machache, kama watu wanaotoka kanisani wakati mahubiri bado yanaendelea.

Majirani walidhani pikapu itauzwa. Nduta aliitoa mwenyewe kwenye banda, akajifunza kuiendesha kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, akivunja mabua huku na huku mpaka alipoweza kuzunguka bila kuzima. Simeon alitazama kutoka kwenye kiti chake uani. Siku Nduta alipotoka langoni na mikebe kwa mara ya kwanza, mumewe aligeuza kiti kikaelekea ukutani.

Tatizo la mipira halikuwa la Nduta peke yake. Miaka hiyo vipuri vya kweli havikuonekana. Maduka ya mjini yalikuwa na rafu ndefu na vitu vichache, na mwenye duka angekutazama usoni akuuzie mpira wa gari jingine akiuita wa Peugeot. Mipira hiyo ilinuka lami. Baada ya wiki kadhaa za kupanda na kushuka ilivimba kama shingo ya chura, na kisha ilikuwa ni kungoja tu ipasukie wapi.

"Hakuna mpira mzuri Eldoret hii," alisema Shitanda, fundi aliyekuwa na gereji chini ya mti wa mkaratusi karibu na mto Sosiani. Shitanda alikuwa mnene, mwenye ovaroli iliyokuwa na rangi ya buluu zamani. "Mama, hata nikikufungia leo, tutaonana tena. Hiyo ndiyo kusema ukweli."

"Basi tuache mipira."

"Tuweke nini? Mianzi?"

Jibu lilimjia Nduta siku nyingine kiwandani, akiwa amesimama kwenye foleni ya kuosha mikebe. Hapo palikuwa na mashine iliyopuliza mvuke ndani ya mikebe mitupu, na mvuke huo ulifika kutoka boila kwa bomba la chuma lililojipinda kama kitu hai. Mashine ilitikisika mchana kutwa. Bomba lilitikisika nayo, likapinda, likanyooka, wala halikupasuka. Nduta aliacha mkebe wake ukijaa mvuke mpaka mtu wa nyuma akamgusa bega.

Mtu wa boila alikuwa Eliakim Aloo, mtu mrefu kutoka upande wa ziwa, ambaye aliimba nyimbo za kanisa akisoma geji zake. Nduta alimwendea.

"Bwana Aloo, hiyo bomba ni ya nini?"

"Ni ya stimu, Mama."

"Nimeona. Nauliza imetengenezwa na nini. Mbona inapinda?"

Eliakim alifurahi. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari ya bomba. Alimletea kipande kilichokuwa kwenye kona, akamwekea mikononi. Kilikuwa chuma kisichoshika kutu, chembamba, chenye mikunjo mikunjo mduara kwa mduara, na juu yake wavu wa nyaya uliosukwa kama kikapu. Nduta alikikunja. Kilikubali. Akakiachia, kikarudi. Aliwahi kuona kitu cha namna hiyo mara nyingi, siku za kuchinja: koo la ng'ombe, lenye pete zake, linalopinda huku na huku na kubaki wazi.

"Stimu ni moto kuliko maji ya gari?" aliuliza.

"Stimu? Mama, maji ya gari yako ni ya kuoga mtoto."

"Hizi zikizeeka mnapeleka wapi?"

"Zinabadilishwa zote pamoja, hata zile nzima. Zinauzwa kwa mtu wa vyuma chakavu, yule Ndungu nyuma ya soko. Mwambie umetumwa na Aloo. Halafu uzitazame dhidi ya jua. Ukiona mwanga, wachana nayo."

Kwa Ndungu, Nduta alitoa rimu mbili kuukuu za magurudumu zilizokuwa zikifugiwa kuku nyumbani, akapewa vipande viwili vya bomba, kimoja kirefu na kimoja kifupi. Alivitazama dhidi ya jua, pete kwa pete. Havikuonyesha mwanga.

Simeon aliviona vikiwa kwenye kiti cha mbele cha pikapu. Alikuwa uani, fimbo ikiwa kati ya magoti. Aliinua mkono wake mzima akauelekeza.

"Nini?"

"Mipira mipya ya rejeta, Baba Nyakio. Ya chuma."

Uso wake ulijikunja upande mmoja. Maneno yalimchukua muda, na Nduta akayangoja, kama alivyokuwa amejifunza kufanya. "Peugeot," alisema, "si… tanki. Ya maziwa." Akapumua. "Utavunja rejeta."

"Na nikiacha, nitavunja nini?"

Simeon akatazama pembeni. Nduta alijua kwamba hakuwa akilizungumzia bomba peke yake. Kila kilichobadilika katika gari lile kilimsogeza yeye mbali nalo: kwanza kiti kilivutwa mbele ili miguu ya mkewe ifike, kisha mto ukawekwa, kisha leso ikafungwa kwenye kioo. Sasa hata koo lake lilikuwa linabadilishwa. Nduta aliyaona yote hayo, na alimhurumia mumewe. Lakini huruma haikuwahi kufikisha mkebe hata mmoja kiwandani. Aliingia ndani akatoka na msumeno wa chuma.

Shitanda alilifunga bomba akilalamika. Kulikata kulikuwa vita; nyaya za wavu zilifumuka zikamchoma vidole, akanyonya damu, akatukana kwa Kiluhya huku akimwomba Mama radhi. Alilisukuma moja kwa moja juu ya shingo ya rejeta, akalikaza kwa klipu mpaka spana ikaruka. Walipowasha injini, maji yalitoka kila upande wa klipu kama chujio. Akakaza zaidi. Shingo ya rejeta ikalia, mlio mdogo wa shaba inayoonewa, na Shitanda akaacha.

"Mama, nimekwambia. Chuma na chuma havishikani. Na hata vikishikana, injini inacheza, rejeta imekaa. Hii kitu itang'oa shingo ya rejeta kwenye marram ya kwanza, changarawe na mashimo. Turudishe mpira."

"Funga mpira nifike nao nyumbani," Nduta alisema. "Hilo bomba nipe."

"La nini tena?"

"Sijamaliza nalo."

Jioni hiyo, baada ya kumlisha Simeon, aliliweka bomba juu ya meza pamoja na ule mpira uliopasuka, akakaa akivitazama. Hakumwambia mumewe kwamba lilikuwa limevuja. Hakuwa na haja. Maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye mikunjo na kulowesha kitambaa cha meza. Simeon angeweza kucheka. Nduta alikuwa amejiandaa kwa kicheko hicho njia nzima.

Simeon hakucheka. Aliuvuta mpira kwake kwa mkono mzima, akaubonyeza kote, kutoka mdomo mmoja mpaka mwingine. Ulikuwa umeharibika katikati tu, pale ulipopinda. Ncha zake zilikuwa nzima. Akaubonyeza tena nchani, akamtazama mkewe, akaubonyeza mara ya tatu kwa hasira, kama mtu anayemsomesha mtoto mgumu.

"Kisu," alisema.

Nduta alileta kisu. Akaushika mpira naye Simeon akakata, wakisaidiana mkono wake mmoja na miwili ya mkewe, mpaka wakapata kipande kifupi kama pete pana. Simeon alikitia kwenye ncha ya bomba la chuma. Kiliingia kwa shida, kikabana. Kikabaki kimetokeza mbele kama mdomo.

"Mdomo… mpira," alisema. "Koo… chuma." Alihema. Jasho lilikuwa limemtoka. Kisha akalichukua bomba, akalipinda, akalitikisa taratibu kwa namna injini inavyotikisika ikiwa imesimama, na Nduta akaona kwamba alikuwa ameliacha legelege, refu kuliko lilivyohitajika. "Usivute. Liache… licheze."

"Lisivutwe kabisa?"

"Kabisa."

Nduta alitaka kumshika mkono. Badala yake alimsogezea mpira wa chini, ule uliopasuka kwanza, na kile kipande kifupi cha bomba. "Na huu pia," alisema, na wakaukata.

Shitanda aliitazama ile midomo ya mpira, akakuna kichwa, akasema hilo angelifikiria mwenyewe kama njaa isingekuwa inamsumbua. Safari hii maji hayakutoka. Nduta aliipeleka pikapu mpaka sokoni akarudi, akaipeleka mpaka Cheptiret akarudi, akasimama kila mara kupapasa viungo kwa kitambaa. Vilikuwa vikavu. Lakini hakuwa bado amebeba mzigo mzima kwenye mlima wa kweli, na alijua hivyo.

Siku ya kujua ilikuja bila kubisha hodi. Asubuhi hiyo Simeon alikuwa amevaa koti lake kabla Nduta hajawasha injini. Alikuwa amesimama kando ya mlango wa abiria akiegemea fimbo.

"Nataka kusikia," alisema.

Nduta alimpandisha. Kipyego naye alikuwepo, ameamua kwenda mjini na mzigo ili aone mwenyewe atakachowaambia wenzake; alikaa nyuma kati ya mikebe, kofia mkononi. Walipofika Cheptiret walikuta barabara imefungwa. Askari walikuwa wamepanga magari yote kando, na watu walikuwa wakimwagika kutoka mashambani kujipanga pande zote mbili za lami. Mkubwa wa nchi angepita kutoka Nakuru. Saa ngapi, hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza. Lori la mwenyekiti lilikuwepo pia, limejaa watu hadi juu, likishusha wengine na kwenda kuleta wengine.

Kijana wa chama mwenye shati jekundu na rungu mkononi aliizunguka pikapu. Alipiga mkebe mmoja kwa rungu.

"Mama, shusha hizi. Gari iende Kesses ilete wacheza ngoma."

"Hii ni mzigo ya kiwanda."

"Nimesikia. Shusha, weka hapo kwa nyasi. Msafara ukipita utachukua maziwa yako."

"Msafara ukipita yatakuwa yameganda."

"Mama, unakataa kumpokea mkubwa?"

Watu waliokuwa karibu waligeuka kutazama. Lilikuwa swali ambalo katika miaka ile halikuwa na jibu zuri. Nduta alitazama mikono yake juu ya usukani, akaona imetulia, na utulivu wa mikono ukampa sauti.

"Haya maziwa yanakwenda kiwandani, na kiwandani yanatiwa kwa pakiti za watoto wa shule. Ni maziwa ya Nyayo, ya mkubwa mwenyewe. Wewe mwenyewe ukiniambia niyamwage, nitayamwaga hapa hapa. Lakini sema kwa sauti, hawa watu wote wasikie ni nani amesema maziwa ya Nyayo yamwagwe barabarani siku ya leo."

Rungu lilishuka kidogo. Yule kijana alitazama kushoto na kulia, akayaona macho, kisha akamkumbuka mwanamume aliyekaa upande wa pili. Alizunguka mpaka dirishani kwa Simeon, akilainisha sauti kama mtu aliyempata mwenziwe.

"Mzee. Ongea na mama. Hii gari ni yako, jina lako nimelisoma. Wewe unasemaje?"

Simeon alimtazama. Midomo yake ilianza kutafuta. Nduta alitaka kumsemea, akajizuia, akauma meno. Mahali fulani kwenye umati mtoto alilia, akanyamazishwa. Neno lilichelewa mpaka yule kijana akaanza kugeuka.

"Gari," Simeon alisema, "ni yake."

"Yake nani?"

Mkono mzima uliinuka kutoka gotini, ukamwelekeza mkewe. "Yake."

Yule kijana alisimama kidogo, akatema mate pembeni. "Basi toka kwa barabara," alisema. "Hapa hupiti. Pita huko Kesses kama unaweza." Akaenda kutafuta gari jingine.

Nduta aliigeuza pikapu. Hakumtazama Simeon. Kama angemtazama, asingeona njia.

Njia ya Kesses ilikuwa marram iliyochanwa na mvua za mwaka uliopita, ikizunguka mashambani, ikishuka kwenye vijito na kupanda tena, mpaka ilipoingia mjini kwa nyuma. Hakuna aliyebeba mzigo huko kama alikuwa na njia nyingine. Kwenye mashimo injini ilirukaruka, na Nduta alihisi kila mruko kwenye meno, akiwaza bomba lile likinyooka na kujikunja gizani chini ya boneti. Simeon alikuwa amefumba macho. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande wa injini.

"Unasikia nini?" Nduta aliuliza.

"Endesha."

Baada ya mabanda ya Kesses, yale ya kukodisha wanafunzi, kulikuwa na mlima. Ulipanda mrefu, mwekundu, bila kivuli, na Nduta alitia gia ya kwanza mapema kwa sababu alijua akisimama katikati hatapanda tena. Pikapu ililia. Mshale wa joto ulianza kusogea. Ulipita mahali ulipozoea kukaa, ukapita mahali ambapo mpira wa chini ulipasukia, ukaendelea. Kipyego aligonga paa la kebini.

"Mama! Nasikia harufu ya moto! Simama!"

Nduta hakusimama. Mguu wake ulitaka kuinuka wenyewe. Kwa mazoea ya miezi mingi ulikuwa unangoja ule mlio wa kofi. Aliukandamiza. Mshale uligusa alama nyekundu. Simeon alifungua macho, akainama mbele kwa taabu, akanyoosha mkono wake mzima na kuivuta swichi ya hita. Hewa ya moto iliwapiga miguuni na usoni kama mdomo wa tanuri. Nduta alielewa mara moja: alikuwa anautoa moto wa injini na kuuleta kwao. Aliteremsha kioo, jasho likamwingia machoni, na wote wawili wakakaa ndani ya joto lile, wakilibeba pamoja na gari.

Mshale ulisimama. Haukushuka, ila ulisimama. Pikapu ilipanda, ikapanda, mpaka mbele yake hapakuwa tena na udongo, palikuwa na anga tu, na magurudumu ya mbele yakainama upande wa pili.

Hapo ndipo alipoegesha. Alifungua boneti kwa leso, akairuhusu injini ingurume polepole. Bomba lilikuwa mahali pake, likicheza, limejaa vumbi jekundu kwenye nyaya zake. Kwenye kiungo cha chini tone lilikuwa likijikusanya, likidondoka, likijikusanya tena. Alichukua spana akakaza klipu, si sana. Akangoja. Tone halikurudi. Kipyego alikuwa ameshuka, amesimama nyuma yake na kofia mkononi kama mtu aliyeingia katika nyumba ya watu.

"Hii ndiyo ile ya kiwandani?"

"Ndiyo hii."

"Haikupasuka."

"Haikupasuka, Mzee."

Kipyego alirudi kwenye mikebe.

Kiwandani geti la kupokelea lilikuwa karibu kufungwa. Mpokeaji alikuwa na haraka, akanusa, akachovya kifaa chake, akapitisha. Mkebe mmoja aliukataa; kifuniko chake kilikuwa kimefunguka njiani na vumbi limeingia. Kipyego aliutazama akasema huo ni wake, jambo ambalo Nduta alijua si kweli, akaubeba mwenyewe mpaka kwa mlinzi aliyefuga nguruwe. Eliakim Aloo alitoka kwenye boila yake kuja kuliona bomba lake la zamani likiishi maisha mengine. Aliligusa kwa ncha ya kidole, akakiondoa haraka, akacheka peke yake akirudi kazini.

"Jumatatu mwenyekiti ataita mkutano," Kipyego alimwambia Nduta wakiwa wanafunga ubao wa nyuma. "Habari ya leo itamfikia. Yule kijana hatanyamaza."

"Najua."

"Anaweza kusema ulikataa kumpokea mkubwa."

"Atasema. Na wewe utasema nini?"

Kipyego alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Alikuwa na watoto shuleni na shamba ambalo hati yake ilikuwa bado haijatoka. "Mimi nitasema nilikuwa nyuma ya gari," alisema hatimaye. "Nitasema nilichokiona." Akaenda kutafuta baiskeli ya kuazima, kwa sababu alikuwa na ndugu wa kuona mjini. Nduta alimtazama akienda mpaka akapotea kati ya watu, na hakuweza kujua kama siku hiyo ya Jumatatu mgongo ule ungekuwa umenyooka vile vile.

Alipanda, akawasha. Kwenye njia panda ya katikati ya mji alipunguza mwendo. Mkono mmoja barabara ilirudi Cheptiret, nyumbani, kwenye kiti cha uani. Mkono wa pili ilitoka mjini kuelekea Moi's Bridge, nchi ya mahindi, alikoolewa Njambi, dada yake Simeon. Mwezi baada ya mwezi Njambi alikuwa akituma salamu kutaka kuja kumwona kaka yake, na Simeon alikuwa akikataa. Hakutaka dada aliyembeba mgongoni amkute amekaa vile.

"Barabara ya nyumbani itakuwa bado imefungwa," Nduta alisema. "Tukae hapa kidogo?"

Simeon alitazama mbele. Kisha alinyoosha mkono wake mzima, si kwa haraka, akauelekeza upande wa Moi's Bridge, kule ambako hawakuwa wamepanga kwenda.

"Ni mbali, Baba Nyakio."

"Mbali," alikubali, na mkono haukushuka.

Nduta aliutazama mshale wa joto. Ulikuwa umekaa chini, umetulia. Nyuma yake lori lilipiga honi. Aliwasha taa ya kukata kona, na ile taa ikaanza kupepesa juu ya vumbi jekundu la boneti, huku akingoja nafasi ya kuingia barabarani.